Siku Visu Vilipolala

Mvua ilikuwa imenyesha usiku kucha, na Shangazi alipofika machinjioni asubuhi alikuta maji yamemtangulia kazini. Yalikuwa yamejaa chumba chote cha kusafishia utumbo, meusi, yamebeba manyoya na majani yaliyosagwa matumboni mwa ng'ombe wa jana. Alikunja sketi akaifunga kiunoni, akavua ndala asije akazipoteza humo ndani, akaingia. Maji yakamfika juu ya vifundo. Chini ya wayo alihisi kitu laini kikiteleza, naye hakutaka kujua ni nini.

"Leo tusisafishe utumbo, tuvue samaki," alisema Mama Redio, aliyekuwa ameshaingia na ndoo yake. Huyu alipewa jina hilo kwa sababu alikuwa hazimwi. Habari yoyote ya kisiwa kile, iwe ya ndoa, ya msiba au ya mtu kuonekana mahali asipotakiwa kuonekana, ilipita kwake kwanza.

"Samaki gani ataishi humu?" Shangazi alimjibu. "Hata chura angeomba uhamisho."

Hakuwa shangazi wa damu wa mtu yeyote pale. Waliomwita hivyo walianzia kwa mlinzi wa getini mwenye mvi mpaka wenye bucha waliokuja kuchukua nyama, na ni kwa sababu aligomba kama dada wa baba anavyogomba, kisha akishamaliza kukugombeza anakuuliza kama umekula.

Tatizo la maji lilikuwa la siku nyingi. Mfereji wa maji machafu ulitoka chumba cha utumbo, ukapita chini ya ukuta na kandokando ya zizi, ukaishia kwenye shimo nyuma ya jengo. Shimo lilikuwa limejaa tangu mvua za mwaka uliopita. Kila mvua ilipopiga, lilitapika, na yote yaliyokwenda yakarudi. Ng'ombe na mbuzi waliosubiri zamu ya kisu walisimama ndani ya maji hayo hayo, wakayakojolea, wakayanywa. Mbwa walikuja kuyalamba. Panya walipita kando ya ukuta kama wenye nyumba. Nguchiro walishuka kutoka mlimani kufuata makombo, na jioni hata nguruwe mwitu walionekana wakifukua ukingo wa shimo. Wanawake wa utumbo walikuwa wamelalamika kwa msimamizi mpaka wakachoka. Kila wakimwendea aliwasikiliza vizuri, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema, "Hilo tutalishughulikia kesho." Ndiyo maana wakamwita Bwana Kesho.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, si maji yaliyomkaa Shangazi rohoni. Shemeji yake hakuwa kazini.

Shemeji huyo, mdogo wa marehemu mume wake, alikuwa mchunaji wa ngozi. Walimwita Mapengo, kwa meno ya mbele aliyopokonywa na teke la fahali. Tangu kaka yake afariki, yeye ndiye aliyekuwa bega la nyumba ile. Paa likivuja alipanda, shule ikimwita mzazi wa mtoto wa Shangazi alikwenda yeye, na akila chakula alichopika Shangazi lazima amtanie. "Shemeji, chumvi hii, bahari ikionja itaona wivu." Halafu anaomba aongezwe.

Homa ilimshika wiki iliyopita. Alikwenda zahanati, akapewa dawa za malaria, akapata nafuu kidogo, kisha ikarudi kwa nguvu mpya. Jana jioni Shangazi alimpelekea chakula akamkuta amelala chali, macho mekundu kama mtu aliyeshinda akimenya vitunguu, na pembeni mwa wekundu kuna umanjano. Misuli ya miguu ilimuuma mpaka kwenda chooni alikwenda kwa kutambaa. Chakula hakukigusa, wala hakukitania. Hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Shangazi usingizi. Mapengo asiyetania alikuwa mgonjwa kweli.

Alikuwa bado anazoa maji kwa ndoo, kazi ya kutwanga maji kinuni, daktari wa mifugo alipotokea mlangoni.

Wote walimfahamu. Alikuwa dada kijana kutoka bara, mwembamba, mwenye mkoba mgongoni. Miezi kadhaa nyuma alikaa kisiwani akiwatoa damu wanyama, na Shangazi na Mapengo ndio waliomshikia ng'ombe na mbuzi. Alitega panya na nguchiro, akafuata mbwa majumbani na nguruwe vibandani, na wakulima walipomnasa nguruwe mwitu shambani alikimbia mlimani na sindano zake. Watu walicheka wakamwita Dokta wa Panya. Alipokuwa anaondoka aliwaahidi kwamba majibu yakitoka, wao ndio watakaoyasikia kwanza. Hawakumwamini. Walioahidi namna hiyo walikuwa wengi, na hakuna aliyewahi kurudi.

Huyu alirudi. Alikuwa ameshuka kwenye boti akapita mlango wa ofisi bila kuingia. Nyuma yake Bwana Kesho alikuwa anakuja mbio akifunga vifungo vya shati.

"Shikamoo Shangazi," daktari alisema. "Hamjambo wote. Naomba mtoke humo kwenye maji kwanza, ndipo tuongee."

Wanawake walitazamana. Kwa miaka yote waliyofanya kazi pale, hakuna aliyewahi kuwaambia watoke kwenye maji.

Walipanda kwenye kibaraza kikavu kando ya zizi. Wachunaji na wachinjaji wakasogea. Bwana Kesho alifika akihema.

"Daktari, ripoti hupitia ofisini."

"Ofisini nitaileta, bwana. Lakini hawa niliwaahidi."

Aliwaeleza bila maneno makubwa. Kuna homa inaitwa homa ya mgunda. Wengine huiita homa ya panya, lakini wanamwonea panya kumbebesha peke yake. Kijidudu chake hukaa kwenye figo za wanyama na kutoka na mkojo, kikiingia kwenye maji au tope kinaweza kuishi muda mrefu, kisha humwingia mtu kwenye mchubuko, au macho, au mdomo.

"Tumepima ng'ombe wenu, mbuzi, mbwa, na nguruwe wa kufuga," alisema. "Tumepima panya, nguchiro, na wale nguruwe mwitu. Katika kila aina tumekuta wengi ambao damu yao imeshakutana na kijidudu hiki."

"Mbona hawaumwi?" aliuliza mchinjaji mkuu, mzee mmoja mpole ambaye ungemkuta barabarani ungedhani anauza maua. "Mnyama mgonjwa mimi simchinji, nawajua."

"Wengi hawaumwi, mzee wangu. Anatembea vizuri, anakula vizuri, huwezi kumjua kwa macho. Na damu haisemi kwamba kila mmoja anakikojoa leo. Inasema wamekutana nacho, wa nyumbani na wa porini. Kwa hiyo kipo, kinazunguka." Akanyoosha kidole kwenye maji meusi. "Na mahali wanapokutana wote ni hapa."

Watu walianza kutazama miguu yao, na kila mguu ulikuwa na mkwaruzo wake.

"Basi nimeelewa," alisema Bwana Kesho. "Ni mbwa. Kesho naita watu waje wapige mbwa wote wa eneo hili. Sasa turudi kazini, boti ya nyama inaondoka mchana."

"Ukiua mbwa wote, ng'ombe ataendelea kukojoa pale pale," daktari alisema. "Mbwa wapewe chanjo. La kwanza ni hili shimo. La pili, watu wavae buti na glovu."

Shangazi alikuwa hasikii tena habari za mbwa. "Dokta," alisema, "mtu akishikwa na hiyo homa, anakuwaje?"

"Joto kali, kichwa, macho mekundu. Misuli inauma, hasa ya miguu, hata kukanyaga inakuwa shida."

"Na macho kuwa ya manjano?"

Daktari alimgeukia. "Nani ana macho ya manjano?"

"Mapengo. Yule aliyekushikia wale fahali."

"Anakojoa?"

Shangazi alifikiri. Kopo alilomwekea kando ya kitanda jana lilikuwa kavu. "Sidhani," alisema.

"Twende," alisema daktari.

Bwana Kesho aliwazuia njia kwa mkono. Hakuwa mtu mkatili, alikuwa mwoga tu, na mwoga mwenye funguo ana hatari zake. "Shangazi, ukitoka saa za kazi usirudi. Nikimwachia mmoja, wote watataka."

"Ng'ombe wako wanaweza kusubiri kufa, bwana," Shangazi alimwambia. "Shemeji yangu hawezi kusubiri." Kisha akawageukia wenzake. "Mimi simwambii mtu aache kazi, kila mtu ana watoto wake. Lakini nikirudi, kwenye maji yale siingii tena."

Mama Redio aliigeuza ndoo yake, akaikalia. Kwa mara ya kwanza hakusema neno. Mzee mchinjaji alifuta kisu chake taratibu kwenye aproni, akakirudisha kwenye ala. Mwingine akafanya hivyo, na mwingine. Kule zizini fahali mmoja alitoa mlio mrefu, asijue kwamba ameongezewa siku.

*

Walimbeba Mapengo kwa mkokoteni wa nyama, kwa sababu ndio uliokuwa karibu. Wachunaji wawili waliusukuma, Shangazi akashika kichwa chake kisigonge mbao, na daktari akatangulia akiwaomba watu wapishe njia. Mapengo alifumbua jicho moja.

"Shemeji," alisema kwa shida, "nimesukuma nyama kwenye hiki kitu miaka. Leo nyama ni mimi."

"Nyamaza, nyama haisemi," Shangazi alimjibu, na machozi yakamtoka kwa furaha ya kusikia mzaha.

Zahanati ilikuwa na foleni mpaka nje. Tabibu alikuwa mmoja, amevimba macho kwa uchovu. Alipomwona Mapengo alisema, "Huyu nilishampa dawa za malaria. Amezimaliza?"

"Amezimaliza," alisema Shangazi. "Zimemshinda."

"Anafanya kazi gani?"

"Mchunaji, pale machinjioni."

Tabibu aliweka kalamu chini. Daktari wa mifugo akamweleza alichokikuta kwenye wanyama, na hawa wawili wakaongea kwa haraka na kwa sauti ya chini, kama mafundi juu ya injini moja. Tabibu hakubisha. Alisema tu kwamba kipimo cha homa hiyo hakijawahi kuletwa kisiwani, kwamba cha malaria anacho, na mtu akikupa nyundo tu, kila kitu utakiona msumari. Lakini dawa alikuwa nayo, na hakutaka kusubiri kipimo. Alimlaza Mapengo, akamwekea dripu, akachoma sindano.

"Siwezi kuwadanganya," alimwambia Shangazi. "Amechelewa kidogo. Figo zimegoma. Zikiamka mpaka kesho, amepona. Zisipoamka, itabidi avushwe bara."

"Zitaamka," Shangazi alisema. "Ukoo wao ni wavivu kuamka, lakini huamka."

Tabibu alicheka, na kicheko hicho kilimfanya aonekane kijana kuliko walivyomkuta. Kisha akasema atakwenda mwenyewe machinjioni jioni kuwaangalia wengine wenye homa, na kwamba kuanzia leo kila mgonjwa atamuuliza kazi yake kabla ya kumuuliza kinachomuuma.

*

Shangazi aliporudi machinjioni alidhani atakuta watu wameshaingia kazini. Alikuta wamekaa vile vile, na wameongezeka. Bwana Kesho alikuwa ameita vibarua kutoka sokoni. Vibarua walifika, wakayatazama maji, wakamsikiliza Mama Redio ambaye sauti yake ilikuwa imerudi yote, nao wakatafuta mahali pakavu wakakaa. Wenye bucha walikuwa wamejazana getini, wateja wamewakalia kooni. Kule gatini boti ya nyama ilipiga honi, ikapiga tena, halafu ikaondoka tupu. Watu waliitazama mpaka ikawa ndogo. Hakuna aliyeshangilia. Walivuta pumzi tu, kama watu walioweka mzigo chini na kugundua kwamba kumbe ulikuwa mzito kiasi kile.

Bwana Kesho alitoka ofisini na simu mkononi, jasho linamtiririka. "Haya. Mnataka nini?"

Macho yote yakamwangukia Shangazi. Hakuwa amepanga kusema. Lakini alikuwa ametoka kumshika mtu kichwa juu ya mkokoteni, na baada ya hapo Bwana Kesho alionekana mdogo.

"Shimo linyonywe na mfereji uzibuliwe," alisema. "Wenye homa watibiwe, na siku zao za kuugua zisiwe utoro. Mbwa wachanjwe, wasipigwe, hawakuchimba lile shimo. Na utupe buti."

"Buti hazipo. Nitaagiza..."

"Zipo," alisema mzee mchinjaji kwa upole wake. "Zile za wageni."

Kila mtu alizijua. Kwenye stoo ya ofisi palikuwa na rafu nzima ya buti nyeupe za mpira, safi, zilizonunuliwa kwa ajili ya wafanyakazi. Zilitolewa siku ya ukaguzi tu, wakubwa kutoka bara wakazivaa, wakatembea humu ndani nusu saa bila kulowa, wakavua zikafutwa, zikarudi rafuni.

"Zile ni za ofisi," alisema Bwana Kesho.

"Na sisi ni wa nani?" Shangazi aliuliza.

Msimamizi aliangalia simu, akaangalia lango, ambako mwenye bucha mmoja alikuwa anampigia kelele kwa jina lake halisi. "Nitawasiliana na wakubwa nijue kama..."

"Leo," alisema Shangazi.

Ilikuwa kama mtu amewasha moto kwenye majani makavu. "Leo," Mama Redio akaitikia. "Leo, leo," wachunaji wakapokea, si kwa kupiga kelele, kwa sauti za kawaida tu, mmoja baada ya mwingine, mpaka neno likazunguka kibaraza kizima na kurudi lilikotoka.

Buti zilitoka. Zilikuja ndani ya maboksi, zinanuka upya. Mama Redio aliingiza mguu kwenye ya kwanza, ikamkaa, akatembea nayo mbele na nyuma kama bibi harusi. Hazikuwatosha wote, lakini Bwana Kesho, akiongea na simu mbele yao wote wamsikie, aliagiza nyingine. Alasiri lori la kunyonya maji machafu lilifika kutoka upande wa hoteli za watalii, ambako halikukosekana hata siku moja. Wanaume wakainua mifuniko ya zege, wakachokonoa mfereji kwa vyuma, na ghafla kitu kikaachia. Maji yaliguna, yakajizungusha, yakaanza kwenda. Sakafu ya chumba cha utumbo ilijitokeza kidogo kidogo, na wanawake wakaona kwamba ilikuwa ya rangi ya kijivu iliyokoza. Wengine hawakuwahi kuijua rangi yake.

Jua lilipokuwa linashuka, watu wakitawanyika, Bwana Kesho alimwita Shangazi kando. Hakumtazama usoni.

"Wakubwa wamekubali yote," alisema. "Ila wamesema lazima mchochezi ajulikane. Wewe upumzike nyumbani. Usinilaumu mimi."

Shangazi alichukua ndala zake, akaondoka bila kumwambia mtu. Siku ilikuwa nzuri mno, hakutaka kuwaharibia. Alipita zahanati akakaa kando ya kitanda cha Mapengo mpaka muuguzi alipomwomba aende akalale. Beseni chini ya kitanda lilikuwa bado kavu.

*

Asubuhi alikuwa anakoroga uji simu ilipolia. Aliitazama ikilia, mwiko mkononi, kisha akaipokea. Alikuwa muuguzi.

"Shangazi, amekojoa," alisema. "Tangu alfajiri hajaacha. Beseni zima, na sasa analalamika kwamba hapa hatumpi chakula."

Shangazi alikaa chini pale pale jikoni, akacheka mpaka jirani akachungulia dirishani kuuliza kuna nini.

"Shemeji yangu amekojoa," alimwambia.

"Hongera," alisema jirani, kwa sababu hakujua aseme nini kingine.

Aliosha uso, akavaa gauni lake la kutokea, akajaza uji kwenye chupa kubwa ya chai. Alikuwa anafunga kifuniko alipobishiwa hodi. Mlangoni alisimama Bwana Kesho, peke yake, suruali imerukiwa na tope mpaka magotini. Alikuwa amekuja kwa miguu.

"Karibu," Shangazi alisema, kwa kuwa nyumbani ni nyumbani.

"Asante. Sikai." Alikohoa. "Wamefika kazini wote. Wamevaa buti, sakafu ni kavu, ng'ombe wako zizini. Na hakuna anayegusa kisu. Nawauliza wanataka nini tena, wananiuliza uko wapi."

"Ukawaambiaje?"

"Nikawaambia unapumzika. Yule mzee akasema basi na wao watapumzika mpaka umalize." Akafuta jasho. "Nimepiga simu bara. Wamesema urudi. Hakuna aliyemtaja mchochezi tena, hata mimi nimeshangaa. Tafadhali, Shangazi, twende. Boti ipo gatini."

Shangazi alimtazama mtu huyu ambaye kwa miaka alimsimamisha mbele ya meza yake, akisubiri jibu. Alitegemea kwamba ataona raha kumwona hivi. Raha ilikuwepo kweli, ila haikuwa ya kumwona yeye. Ilikuwa ya kuwaza wale wenzake, wamekaa kwenye kibaraza kikavu na buti zao nyeupe, wanamsubiri.

"Nitakuja," alisema. "Lakini napita zahanati kwanza, mgonjwa hajala."

"Nitakusubiri getini, basi."

"Kwa nini usubiri? Njia ni moja." Akampa chupa ya uji. "Ishike wima, isimwagike."

Bwana Kesho aliipokea chupa kwa mikono miwili. Shangazi alifunga mlango, akatia ufunguo mfukoni, akatangulia, na walipopita mbele ya bucha zilizokuwa bado tupu, wenye bucha walisimama mmoja mmoja kumwamkia.